Mzee kakatwa ulimi, kuongea kwake kunapimwaje?

Binti_wa_Temeke: Wakuu habari za saa hizi. Mzee wangu alikuwa na kansa ya ulimi, wakakata kipande upande wa kushoto mpaka mbele, afu akapigwa mionzi, ndo kamaliza. Saivi anaongea kama ana kitu mdomoni, mi namwelewa vizuri tu ila akimpigia simu fundi wake wa pikipiki yule jamaa haambulii kitu anakata. Kliniki anaulizwa mzee unaendeleaje, anaitikia kwa kichwa, wanaandika anaendelea vizuri tunarudi nyumbani. Hivi kuna kipimo cha kuongea au ndo tushukuru Mungu yupo hai?

Nesi_Mstaafu: Pole mwaya. Kipo na hakihitaji hata mashine. Ila wewe jitoe, umeshamzoea, yanayopotea unajazia mwenyewe bila kujua. Anayefaa ni yule fundi. Mtaalamu wa matamshi anafanya hivyohivyo, mgonjwa anasoma maneno, mtu asiyemjua anasikiliza bila kuona orodha na anaandika alichosikia. Jaribuni paa, taa, kaa, mkizichanganya changanya. Paa ni midomo, taa ncha ya ulimi, kaa ulimi kwa nyuma, kwahiyo inayoharibika inakuonyesha tatizo liko wapi. Usimpe moja mbili tatu, hiyo kila mtu anajua kinachofuata.

DaktariMtarajiwa: Naongezea, angalieni mdomo unafunguka kiasi gani. Vidole vyake vitatu vikipangwa wima viingie kati ya meno ya mbele, chini ya milimita 35 taya limekaza. Mionzi inakausha mate na kukaza misuli, na huko kukaza kunaweza kuja hata miaka mbele, so mrekodi leo kwenye simu muwe na cha kulinganisha. Kama alipewa na sisplatini, dawa ya kansa, apimwe masikio pia, ile dawa inaharibu usikivu. Na akipaliwa akinywa maji msisubiri tarehe ya kliniki.

Mgosi77: Baba mdogo wangu yeye walitoa koromeo la sauti lote, anapumulia tundu shingoni. Hapo hata taa na kaa hupimi, kwanza sauti itoke wapi. Walimpa kidude cha kubana shingoni kinatetema, sauti kama roboti lakini sokoni anabishana bei na anashinda 😂

Binti_wa_Temeke: Nimempa mpangaji mpya aandike. Paa kapata zote, taa karibu zote kaandika kaa!! Jumatatu naenda na karatasi yangu, naulizia wapi?

Nesi_Mstaafu: Idara ya masikio, pua na koo, waambie unataka rufaa ya mtaalamu wa matamshi, ni wachache hapa kwetu so usiondoke bila tarehe. Na mzee mwenyewe aulizwe kinachomkera, asijibiwe na wewe. Kuna mtu anaongea vibaya kabisa na hajali, mwingine kidogo tu lakini kaacha kwenda msikitini kwa aibu. Hilo nalo wanatakiwa waliandike.