Peugeot ya babu: gumzo la kikundi cha ukoo

Hamisi: Asalaam aleikum. Shikamooni wakubwa. Jana nimepiga rangi boneti na mlango wa kulia wa Peugeot 504 ya babu, hapa uani. Leo asubuhi nimeitazama, moyo umeniuma. Natuma picha tatu.

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam, marahaba baba. Mbona boneti imefanya ukungu?

Mjomba Salim: Marahaba. Nipigie tena ile ya pili kwa karibu, hapo pembeni ya taa. Na niambie rangi gani, thina gani, umepiga saa ngapi.

Hamisi: Ni NC mjomba, ile rangi ya nitroselulosi inayokauka haraka, krimu ile ile ya zamani. Thina ya kuzimulia ni ya kawaida ya dukani. Nilianza saa kumi na moja jioni kukwepa jua.

Mjomba Salim: Basi ukungu nimeuelewa. Tanga jioni hewa imejaa unyevu. Thina ya haraka ikiruka inapoza bati, na unyevu wa hewani unatua juu ya rangi mbichi. Weupe huo ni maji yaliyonaswa. Usipige rangi nyingine juu yake! Tafuta thina ya kukauka taratibu, pulizia kidogo sana, rangi ilegee maji yatoke. Mara nyingi weupe unaondoka. Ukigoma, pitisha msasa wa maji upige upya, ila saa nne asubuhi umande ukishakauka, na gari iwe kivulini.

Hamisi: Sawa mjomba. Na hivi vishimo? Ni viduara kama punje za mtama, katikati unaiona praima, ile rangi ya chini, kabisa.

Mjomba Salim: Hapo rangi imekimbia mafuta au silikoni. Kuna mtu anapuliza dawa ya kung'arisha matairi au dashibodi hapo karibu?

Hamisi: Nyuma ya ukuta wanaosha bodaboda. Kila jioni wanapuliza matairi.

Mjomba Salim: Silikoni inasafiri na upepo, na ikitua kwenye bati huioni. Lakini tusiwalaumu watu kabla ya kupima kompresa, hiyo mashine ya hewa unayopulizia rangi. Fungua hewa tupu, bila rangi, elekeza kwenye kipande cha kioo kisafi dakika moja.

Shangazi Zuhura: Mfanyieni taratibu hiyo gari. Baba aliinunua kwa sababu 504 ilishinda Safari Rally 1975. Alikuwa akisema barabara ya Handeni haiwezi kuishinda.

Bakari: Na 1978 ikashinda tena, shangazi. Ile ya milango miwili, coupé, yenye injini ya V6.

Hamisi: Nimepima. Kioo kina vitone vidogo vidogo. Nimevisugua kwa kidole, vinateleza, na vimeacha alama ya upinde wa mvua.

Mjomba Salim: Maji na mafuta pamoja. Kompresa inatema oili, pete za pistoni zimechoka. Maji ni jambo la kawaida: hewa ikibanwa inapata joto, ikipoa tangini inaacha maji. Fungua ile koki ya chini ya tangi uyamwage kila ukimaliza kazi. Kichujio kifunge mbali na kompresa, karibu na bunduki ya kupulizia rangi, hewa iwe imeshapoa njiani.

Mjomba Salim: Kabla ya msasa, safisha kwa dawa ya kuondoa mafuta. Vitambaa viwili: kimoja kibichi kinapaka, kikavu kinafuta kabla haijakauka. Ukianza na msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo.

Bakari: Na mlango je? Mbona umekunjamana vile?

Mjomba Salim: Mlango ndio unaonisumbua. Hamisi, chukua kitambaa chenye thina, kiweke juu ya rangi ya zamani pale chini ambapo hujapiga.

Hamisi: Inavimba na kujikunja, mjomba.

Mjomba Salim: Kuna mtu aliwahi kuupaka rangi ya mafuta. Thina ya NC inaiamsha rangi ya aina hiyo hata ikiwa ya miaka. Ingekuwa NC, ingeyeyuka na kuchafua kitambaa. Huo mlango unakwanguliwa wote, hakuna njia ya mkato hapo.

Dada Rehema: Samahani wakubwa, naingilia kama muuguzi. Hamisi, hiyo barakoa ya kitambaa kwenye picha inazuia vumbi tu, mvuke wa thina unapita. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa. Na mkija kutumia rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina ya kuigandisha, hadina hiyo ina kemikali ya isosayanati, inaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Hiyo ikapigwe kwa fundi mwenye chumba cha kupigia rangi na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, msipige nyumbani. Baba ana kifua, asikae uani hata mnapopiga NC.

Shangazi Zuhura: Nami jiko langu la mihogo liko hapo hapo uani!

Mjomba Salim: Zuhura, lizime kabisa siku ya kupiga. Mvuke wa thina ni mzito, unatambaa chini, ukifika kwenye mkaa ni moto.

Shangazi Zuhura: Siku hiyo sikaangi.

Hamisi: Nashukuruni sana. Kompresa naipeleka kwa fundi leo. Mlango nianze kuukwangua?

Mjomba Salim: Anza, lakini kwangua sehemu utakayoweza kuipiga praima kabla ya magharibi. Bati tupu likilala usiku mmoja na hewa hiyo ya bahari, asubuhi lina kutu.