Hili zoezi la mambo matatu mazuri lina msingi au motivesheni tu?

Mdau wa Tabata: Wakuu habari za usiku, nina genge la mboga, mdogo wangu kanambia kila nikilala niandike mambo matatu mazuri ya siku na KWA NINI yametokea, juzi niliandika mama wa chapati kanirudishia buku niliyomzidishia chenji. Hivi inasaidia kweli?

Babu Kinondoni: Ina msingi mkuu. Martin Seligman alivyokuwa rais wa chama cha wanasaikolojia Marekani 1998 aliisukuma sana saikolojia chanya, kwamba tusisome magonjwa tu, tusome na kinachomfanya mtu astawi. Zoezi lako yeye na wenzake walilipima wakachapisha 2005, watu walipewa wiki moja tu na miezi sita baadae bado walikuwa na afadhali, hasa walioendelea wenyewe. Hiyo "kwa nini" usiiruke.

Dada wa Mbagala: Naongezea upande wa kochingi, yaani kumsaidia mtu afikie lengo lake kwa maswali, maana nakaa na vijana wa bodaboda, kochi hamwagi ushauri, anauliza: lengo lako nini, hali ikoje sasa hivi, njia zipi zipo, utafanya nini na lini. Kijana anataka pikipiki yake, nikamuuliza jana umebaki na ngapi, akafungua daftari akakaa kimyaaa, hela yote imeishia kwenye kubeti. Sikumsema hata neno. Ila mtu akiwa na sonona apelekwe hospitali jamani, maswali hayatoshi.

Mdau wa Tabata: Asanteni sana. Leo mvua, mchicha nimeuza mafungu mawili tu, ila daftari nalifungua.