Naomba ushauri: nawaelezaje wanafunzi kuhusu pulsa za eksirei?

Ndugu zangu, habari zenu. Nafundisha fizikia sekondari hapa pwani ya Kenya. Klabu yetu ya sayansi inasoma kuhusu Cen X-3, pulsa ya eksirei (yaani chanzo angani kinachotoa miale ya eksirei kwa mapigo), na nilianzia karibu na nyumbani: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ndiyo iliyogundua kuwa eksirei za Cen X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8. Watoto walifurahi mno!

Wameelewa kwamba ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 2.1, na kwamba mojawapo, nyota ya nyutroni (kiini kidogo kilichoshindiliana sana cha nyota iliyokufa), hunyonya gesi ya mwenzake. Kinachowashinda ni ile sahani ya gesi inayoizunguka nyota ya nyutroni kabla gesi haijaiangukia. Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona gesi isidondoke moja kwa moja?" Nikatoboa karai, nikajaza maji, nikanyunyizia unga wa mkaa. Ulizunguka vizuri sana kwenye tundu, lakini akasema nyota haina tundu. Nikaona ana hoja.

Nimweleweshe vipi bila hesabu nzito? Na kuna jaribio rahisi la kuonyesha jinsi gesi hiyo inavyoiongezea nyota kasi ya kujizungusha? Kipindi chetu ni Alhamisi.