Ushauri: tambi mbichi za mchele zinakaa saa ngapi kabla hazijakakamaa?

Mtoto_wa_Raskazone
Wakuu, salama? Niko New York mwaka wa tatu sasa, kazi yangu zamu ya usiku. Nikitoka asubuhi napitia kibanda kimoja Chinatown, unakata kona ukitokea Canal Street, viti vinne vya plastiki, meza hakuna. Nakula cheung fun. Kwa msioijua: mchele umesagwa na maji, mwepesi kama uji wa mgonjwa. Yule mama anamwaga upawa mmoja kwenye droo ya bati, anatawanya uduvi na majani ya kitunguu, anaisukuma ndani ya mvuke. Hujamaliza kutafuta chenji, ameshaivuta. Anakwangua kwa kibati, tambi inajikunja kama mkeka, anaikata kwa mkasi, juu sosi ya soya yenye utamu, sosi ya karanga, ufuta na pilipili. Inateleza, meno hayana kazi. Siku hizi hata haniulizi, akiniona tu mkono unakwenda kwenye uduvi.

Swali dogo tu: nikinunua nyingi saa 1 asubuhi nikapanda basi, mwendo wa saa nne na ushee, zitafika laini? Niweke kwenye barafu au nisiweke?

Kobe_Mzee
Mimi nilishabeba urojo kutoka Unguja mpaka Dar kwenye chupa ya chai. Chumbe hatujaipita boti ikayumba, kifuniko kikafyatuka. Aliyekaa mbele yangu alivaa kanzu nyeupe, anakwenda harusini. Tulifika Dar hatuongei. Ushauri: kula ukiwa umesimama hapohapo.

Dada_wa_Xiaobei
Niko Guangzhou, huku ndiyo kwao hiyo kitu. Kuna ya droo, na kuna wanaopikia juu ya kitambaa. Barafu usithubutu! Wanga wa mchele ukipoa unakakamaa, inakuwa ndala. Ukifika ukaipitisha tena kwenye mvuke inarudi laini, ila si kama ya mwanzo. Wachina wenyewe hii wanaila moto asubuhi, haisafirishwi.

Mimi ningekushauri uipike hukohuko. Loweka mchele usiku, saga kwa blenda na maji mengi, changanya na unga wa muhogo kidogo uvutike. Trei ipake mafuta kila unapomwaga, kila mara, usisahau. Unampelekea nani kwani?

Mtoto_wa_Raskazone
Asante dada. Ni watu tu, familia fulani hivi Boston.

Pweza_Mkavu
"Familia fulani hivi" yenye binti, sio?

Mtoto_wa_Raskazone
Haya. Ni kwao mchumba wangu. Watu wa Mombasa, Jumamosi kuna chakula cha mchana, watu kama 20. Nauli nimeshalipa, na nusu ya hela ya tambi nimeshaacha kwa yule mama. Kwa hiyo msiniambie nisiende. Mimi nauliza habari ya ulaini tu.

Bint_Shee
Shemeji, kwenye hicho kibanda nguruwe hapikwi?

Mtoto_wa_Raskazone
Wanaotaka wanawekewa. Mimi nachukua za uduvi.

Bint_Shee
Sijauliza unachukua zipi. Droo ngapi?

Mtoto_wa_Raskazone
Droo ni zilezile, lakini anazipangusa! Na mvuke ule ni moto hasa, unaua kila kitu. Uduvi ni halali, mchele ni halali, sasa kosa liko wapi?

Ustadh_wa_Jioni
Mvuke unaua vijidudu, mkuu. Najisi si kijidudu. Unakwenda kutafuta mke kwa watu, unaanza kwa kuwalisha shaka? Kama wewe umejihalalishia ni juu yako, ila mwenye kula ana haki ya kujua sufuria imepikia nini.

Mtoto_wa_Raskazone
Ustadh, baba yake anafundisha madrasa, unadhani silijui hilo? Ndiyo maana nimeuliza kuhusu ulaini na siyo mambo mengine.

Pweza_Mkavu
BABA YAKE ANAFUNDISHA MADRASA 😂😂😂 Haya, kwa faida ya wote: "fun" ni hizo tambi za mchele, "cheung" ni UTUMBO. Huko Malaysia wanalisema jina lote, "chee cheung fun", utumbo wa nguruwe. Jamaa anampelekea mwalimu tambi za utumbo.

Dada_wa_Xiaobei
Mnamtisha bure. Ni umbo tu, imejikunja ikafanana na utumbo, ndani hakuna utumbo wowote. Huku Xiaobei, mtaa wetu hapa Guangzhou, tunaotaka halali tunakwenda kwa Waislamu wa Kihui, lakini tambi zao ni za ngano, za kuvuta kwa mikono. Mmoja jirani yangu akizipiga mezani nyumba nzima inaamka, siku ya kwanza nilidhani ni ugomvi. Ila suala la droo Bint Shee kaongea la maana.

Kobe_Mzee
Hivi kwani tambi zetu za Ramadhani, za nazi na iliki, zina ubaya gani?

Mpasua_Jipu
Wakuu hii ni chai, tena ya rangi. Nimekaa Boston. Mabasi ya New York yanashusha South Station, na Chinatown ya Boston ni pua na mdomo na hapo, dakika tano kwa miguu. Mtu gani abebe tambi mapajani saa nne kwenda kushuka mlangoni kwa Chinatown nyingine? Mleta uzi tupia picha ya tiketi au tufunge.

Pweza_Mkavu
Na mimi nilishangaa. Mchumba hana jina, kibanda hakina jina. Mkuu, jibu.

*(Baada ya saa mbili)*

Mtoto_wa_Raskazone
Si chai. Chinatown ya Boston naijua. Baba yake anapita pale kila siku akienda kazini, ataniona.

Mpasua_Jipu
Akikuona unanunua chakula kuna nini?

Mtoto_wa_Raskazone
Niliwaambia nazipika mwenyewe. Mwezi wa tatu nilikwenda na boksi moja, mama yake akasifia, akauliza nani kapika, nikajikuta nimesema mimi. Sasa ndiyo ameita na mashangazi.

Bint_Shee
Kwa hiyo walishakula.

Mtoto_wa_Raskazone
Za uduvi.

Ustadh_wa_Jioni
Inna lillahi.

Bint_Shee
Mwambie binti leo, kabla ya basi. Akikusamehe yeye, ya mama yake atayajua yeye. Na oda ufute.

Mtoto_wa_Raskazone
Oda nimefuta, hela hairudi. Nimeamua kupika kweli. Nimenunua droo mpya za bati, hazijaguswa na kitu, nitakwenda nazo. Binti nitamwambia nikifika, kwa simu haya hayaongeleki.

Pweza_Mkavu
Naweka kambi hapa. Mrejesho muhimu.

Mtoto_wa_Raskazone
Wakuu, saa nane usiku. Nimejaribu mara sita, zote zimeng'ang'ania kwenye bati, nakwangua inatoka makombo kama ukoko. Yeye anapiga simu ya video, sijapokea. Nakosea wapi?

Dada_wa_Xiaobei
Ulipaka mafuta?

Mtoto_wa_Raskazone
Mafuta gani?