Filamu na tamthilia: serikali itulinde au ituache?

Nahodha: Wakuu, tujadili bila jazba. Taifa lisilojipiga picha litapigwa na wengine. Filamu ya James Bond ya 2015 ilianza na gwaride kubwa la Siku ya Wafu jijini Mexico City, mafuvu kila kona. Gwaride lile halikuwapo, watengeneza filamu walilibuni. Mwaka uliofuata jiji likaliandaa kwelikweli. Mgeni amekutungia mila, nawe ukaivaa! Nataka sheria kali ya maadili kwenye skrini, maana wapo watu wanashinda mbele ya tamthilia, hawana kazi ya kufanya, wakioneshwa chochote wanameza.

Bintimwalimu: Hapo mwisho umenichoma, Nahodha. Mama yangu alilala kitandani miezi minane. Kila saa mbili usiku nilimwinua, namwegemeza kwa mito miwili aangalie tamthilia yake. Siku moja mhusika alimwambia mumewe kwamba hamwogopi tena. Mama akanishika mkono, akaanza kunisimulia mambo ya ndoa yake ambayo sikuwahi kuyasikia tangu nizaliwe. Nilipunguza sauti ya televisheni nimsikilize hadi usiku wa manane. Hakumeza kitu. Alitoa kilichomkaa kooni maisha yake yote.

Kisiki: Pole sana dada. Ila hoja ya sheria ibaki. Marekani walikuwa na kanuni za filamu, zikaanza kusimamiwa kwa ukali 1934. Mhalifu haachwi ashinde, mume na mke kila mtu na kitanda chake. Watu walikuwa na adabu.

Mzee wa Rimoti: Adabu ipi? Kanuni hizohizo zilikataza kuonesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Na kabla yake, 1915, filamu ya D. W. Griffith iliwapamba Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililowatesa na kuwaua weusi, kama mashujaa. Mwaka huohuo kundi lile lililokuwa limeshakufa likafufuliwa. Msimamizi wa maadili naye ana chuki zake, Kisiki. Ukimpa mkasi atakata anachokichukia yeye.

Kisiki: Kwa hiyo mimi mbaguzi? Nimesema vitanda, wewe unaniletea Klan. Sikutegemea hilo kutoka kwako, Mzee.

Mzee wa Rimoti: Sijakuita mbaguzi. Soma tena nilichoandika.

Somo: Nyie wawili tulieni. Nahodha ana pointi, ila kaishika vibaya. Brazil watafiti wa uchumi walifuatilia jinsi matangazo ya Globo, kituo cha televisheni kinachorusha tamthilia, yalivyoenea eneo kwa eneo. Yalipofika, wanawake wakawa wanazaa watoto wachache zaidi. Wahusika wengi wa kike kwenye tamthilia zile hawakuwa na mtoto, au walikuwa na mmoja tu. Hakuna aliyehubiri uzazi wa mpango, watu waliona tu maisha ya namna nyingine.

Nahodha: Si ndicho nilichosema? Wanameza!

Bintimwalimu: Umelirudia neno lilelile. Mwanamke kaona familia ndogo inaishi na inapumua, akaamua na yake iwe hivyo. Huyo kameza nini? Mwanaume akisoma gazeti akabadili msimamo, mnasema kaelimika.

Nahodha: Dada, "hawana kazi" nimelifuta, na nakuomba radhi wewe na mama. "Kumeza" silifuti. Skrini inaingia mtu bila kubisha hodi, hata hiyo Brazil inathibitisha.

Kisiki: Mimi bado sijaombwa radhi.

Bintimwalimu: Radhi nimeipokea, Nahodha. Sasa nijibu hili: wiki iliyopita ulituandikia hapa kwamba umekesha siku tatu na filamu za kivita. Nazo ulizimeza, au kumeza ni kwa mama zetu tu?