Kitabu rasmi, vifungu vya LSAT au makala za kila siku: kipi kinaongeza usahihi kwenye ufahamu?

mwanzo_mpya: Wakuu, habari zenu. Nataka kulipia kitu kimoja tu kabla ya mtihani wa kuombea shahada ya uzamili. Nachagua kati ya kitabu rasmi cha maswali na vifungu vya LSAT (mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani), au nisilipie chochote, niwe nasoma makala ndefu za sayansi na historia kila siku. Kwenye ufahamu napata kama nusu. Nichukue kipi?

Kalamu2: Mtihani gani, mkuu? GRE, ule wa uzamili wa fani nyingi, au GMAT wa shule za biashara? Zimebaki wiki ngapi? Na hiyo nusu unaipata kwa saa au bila saa? Usipotaja hayo tutakuwa tunapiga ramli.

mwanzo_mpya: Samahani. GRE, wiki sita. Kwa saa.

Kalamu2: Basi usilipe kwanza. Fanya vifungu vitano bila saa. Alama zikipanda sana, shida yako ni mwendo. Zikibaki palepale, shida ni namna unavyosoma, na maswali mengi zaidi yatakukomaza kwenye kosa lile lile.

Msoma_Taratibu: LSAT, bila kusita. Vifungu vinne kwa dakika 35, hoja nzito, na majibu ya mtego yametungwa kwa ustadi. Ukivizoea, vya GRE vitakuwa vyepesi.

dada_hoja: Hapo sikubali, kaka. Tangu GRE ilipofupishwa Septemba 2023, sehemu ya kwanza ya lugha ina maswali 12 kwa dakika 18, ya pili 15 kwa dakika 23, na karibu nusu ndiyo ufahamu. Vifungu vingi ni aya moja. LSAT haina swali la kubofya sentensi ndani ya kifungu, wala lile la chaguo tatu ambapo huenda moja, mbili au zote ni sahihi. Kwenye hilo ukiacha moja iliyo sahihi, hupati hata nusu alama. Kila chaguo lipime peke yake, kama swali la ndiyo au hapana. Zoezi hilo analipata wapi kwenye LSAT?

Msoma_Taratibu: Umbo la swali unalizoea kwa siku mbili. Kufuata hoja ndiko kunakochukua wiki.

jicho_kali: Chochote utakachochagua, kaa mbali na benki za maswali zisizo rasmi. Kuna seti moja, jina naliacha, yenye kifungu kinachosema watafiti wa awali waliamini ndege fulani huhama kwa kukimbia baridi, lakini baadhi ya makundi yameonekana yakibaki kwenye baridi hiyo hiyo maadamu chakula kipo. Swali: kifungu kinaashiria nini? Ufunguo wao: "Baridi haiathiri uhamaji." Maelezo: eti mwandishi anawapinga watafiti. Hapana! Kifungu kimesema *baadhi ya makundi*. Jibu linalobebeka ni kwamba baridi peke yake haitoshi kueleza uhamaji wa makundi yote, na chaguo hilo lilikuwepo, likahesabiwa kosa. Anayejisahihisha kwa ufunguo wa namna hiyo anafundishwa kuuchagua mtego wenyewe, na akifika kwenye maswali rasmi hataelewa kwa nini alama zinashuka.

Kalamu2: Kweli kabisa. Ndiyo maana daftari la makosa liwe na safu tatu: chaguo ulilochukua, neno lililokuponza ("wote", "pekee", "daima"), na mstari wenye ushahidi. Ukikosa mstari wa kunyooshea kidole, hata jibu lililopata tiki lihesabu kosa. Tena rudia seti nzima kabla ya kufungua ufunguo.

neno_kwa_neno: Mbona hamgusi msamiati? Asiyejua neno moja gumu anapoteza kifungu kizima.

dada_hoja: Msamiati utamsaidia zaidi kwenye kujaza nafasi. Kwenye ufahamu yanayoangusha watu ni maneno madogo: "hata hivyo", "ingawa", "angalau".

neno_kwa_neno: Na maswali, ayasome kabla ya kifungu au baada?

Msoma_Taratibu: Baada. Ukitangulia na swali, unawinda neno na hoja inakupita.

jicho_kali: Inategemea. Kwa aya moja yenye swali moja, kutangulia na swali kunaokoa muda.

mwanzo_mpya: Nimefanya vitano bila saa: 7 kati ya 12. Makosa matatu ni ya zile chaguo tatu, mengine mawili nilichagua jibu lenye neno "wote". Majaribio mawili ya bure ya POWERPREP, yale ya mazoezi kutoka kwa watunzi wa GRE wenyewe, bado sijayagusa.

dada_hoja: Usiyaguse bado. Shida yako si saa. Kitabu rasmi.

Msoma_Taratibu: Kama si saa, basi ni hoja. LSAT.