Bustani ya vichimbakazi kwenye karai: vifaa havilingani, tatizo liko wapi?

Binti_Gungu (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Naandaa bustani ya vichimbakazi, yaani makazi madogo ya viumbe wa hadithi, kwenye karai la zege, upana sm 60, kina sm 16, la kukaa barazani. Nina kijumba cha mbao chenye mlango wa sm 9, mtu wa udongo wa sm 7, viti viwili vyenye kikalio kilicho sm 4 kutoka chini, baiskeli ya waya yenye gurudumu la sm 3, na kigari cha kuchezea cha sm 7. Kila kimoja kizuri peke yake, ila vikikaa pamoja viti vinakuwa vya jitu na gari linakuwa la sisimizi. Kipi kibaki, kipi kitoke? Na nipande nini?

Rula_na_Penseli
Dada, hongera kwa kupima kabla ya kuuliza, maana vipimo vyako vimeshajibu nusu ya swali.

Anza na mtu. Chukua 168, yaani sentimita za mtu mzima wa kawaida, ugawe kwa urefu wa mtu wako: 168 ÷ 7 = 24. Skeli yako ni 1:24, yaani sm 1 hapo ni sm 24 halisi, na kuanzia hapo kila kitu kilichotengenezwa kwa mkono kigawe kwa 24. Mlango halisi wa sm 210 unakuwa sm 8.75, kwa hiyo kijumba kibaki. Gurudumu la baiskeli la sm 70 linakuwa sm 2.9, nayo ibaki. Kikalio cha kiti kwa kawaida ni sm 45, ukigawa unapata sm 1.9. Chako cha sm 4 ni cha skeli 1:12, maradufu ya kinachotakiwa. Kigari cha sm 7 kiko karibu na 1:64. Gari dogo la 1:24 lingekuwa na urefu wa sm 17 hadi 19, likameza zaidi ya robo ya upana wa karai. Toa viti, toa gari.

Usishawishike kuhamia 1:12 ili kuokoa viti. Karai la sm 60 kwa 1:24 ni kiwanja cha mita 14.4, nyumba na ua vinaenea vizuri. Kwa 1:12 ni mita 7.2 tu, nyumba ikikaa hakuna ua tena.

Binti_Gungu
Ahsante sana. Nataka pia kinu, kigoda, uzio na mtumbwi, maana bustani ya Kigoma bila mtumbwi naona haijakamilika.

Rula_na_Penseli
Kinu sm 2.3, mchi sm 5.5, kigoda sm 1, ndoo ya lita 20 sm 1.6, meza sm 3.1. Uzio sm 5, kinjia upana sm 4. Mtumbwi wa mita 5 ni sm 21, theluthi nzima ya karai. Usiufupishe hadi sm 10 ukabaki na mtu wa sm 7 ndani yake, atakuwa amekalia beseni. Afadhali uonyeshe nusu ya mbele tu, umevutwa ufukweni, nyuma ikifichwa na mmea au ukingo wa karai.

FundiMninga_TBR (Tabora)
Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau: unene. Urefu unaweza kuwa sahihi kabisa na kitu bado kikaonekana cha kuchezea kwa sababu ni kinene. Kamba ya katani ya mm 2 kwa 1:24 ni sawa na kamba ya sm 5, hiyo ni ya kufungia meli. Kamba ya kuanikia nguo itumie uzi wa kushonea. Kijiti cha aiskrimu chenye upana wa sm 1 ni ubao wa sm 24. Kipasue katikati kwa wembe upate ubao wa sm 12. Kijiti cha kuchokolea meno ni fito ya sm 5, kinafaa uzio hivyo hivyo kilivyo. Kijiti cha mishikaki ni nguzo. Kitambaa nacho: ua la sm 2 kwenye kitenge litakuwa na upana wa karibu nusu mita kwenye sketi ya mtu wako. Tafuta chenye vidoa vidogo kabisa au kisicho na maua.

Kila kifaa kichomekee waya wa sm 5 chini, la sivyo mvua ya kwanza ya Novemba italaza kila kitu. Mbao zisiguse udongo, mchwa hawana simile. Ziweke juu ya kijiwe bapa na uzipake nta ya nyuki, ambayo huku Tabora haipatikani kwa shida. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo iweke kwenye kopo, kopo ulitie ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja juu ya jiko, inashika moto.

Mama_Miche
Mimea ndiyo inayovunja skeli kimyakimya. Jani pana la sm 2 hapo kwako ni sawa na jani la sm 48, yaani la mtiki. Chagua majani yenye upana wa mm 5 kushuka chini. Rozimari ya sm 30 ukiipogoa matawi ya chini inakuwa mti wa mita 7, na thaimu inatambaa kama vichaka. Zote mbili hazipendi maji yaliyotuama: toboa matundu sita chini ya karai, kisha weka udongo sehemu mbili, mchanga mbili, mboji moja. Mche wa mchikichi usijaribu, hata kama ndio sura ya Kigoma. Majani yake ya kwanza ni mapana, hayajachanika, na utakua ukilijaza karai.

Kinjia kifanye kwa changarawe ya mm 2 au 3, ichekeche kwa chujio la chai. Kokoto ya sm 1 ni jiwe la sm 24, mtu wako atajikwaa kila hatua.

Kobe_wa_Ujiji
Nakubali hesabu, ila kwa vitu vya asili siifuati. Kichimbakazi ni kiumbe mdogo anayeishi katika dunia yetu hii hii kubwa. Ganda la konokono, uyoga au nusu ya ganda la chikichi vina haki ya kuwa na ukubwa wake halisi, na ndivyo vinavyoonyesha udogo wake. Nusu ganda ndiyo beseni lake.

Rula_na_Penseli
Hapo nakuunga mkono. Kilichochongwa au kushonwa kimfuate mtu, kilichoota au kuokotwa kibaki kilivyo. Lakini basi viwe viwili au vitatu tu, na visikae bega kwa bega na rozimari iliyopogolewa kuwa mti, kwa sababu jicho litashindwa kuamua lipime kwa kipi.

Binti_Gungu
Nimeelewa. Viti natoa, nachonga vigoda viwili vya sm 1. Ganda la konokono naliweka upande wa mtumbwi, rozimari nyuma ya nyumba. Je, ngazi ya mlangoni?

FundiMninga_TBR
Kila kidato mm 7. Vitatu vinatosha, jumla sm 2.1, na kizingiti cha mlango kiwe usawa huo huo.